Kiboko Alalia Mpira wa Fuko

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa shimo?
— La mpira!
Pakawa tumbo?
— La Kiboko!

Haya, mmeitikia kivivu, lakini si neno. Hata mwenye hadithi, Fuko, alikuwa hoi.

Palikuwa na uwanja wa gofu kati ya mto na migunga. Uwanja ule ulikuwa wa wote. Swala alicheza, Ngiri alicheza, Kanga alicheza na makelele yake. Kila mwaka magwiji wa kulipwa walikuja kutoka mbali kushindana pale, na porini kote hapakulala mtu kwa shangwe.

Chini ya shimo la mwisho, penye bendera na nyasi fupi laini, ndipo alipokaa Fuko na mkewe na vitoto vyao visivyofungua macho bado. Fuko alikuwa mdogo, mwenye hasira za karibu. Hakufundishwa gofu na mtu. Alijifunza kwa kusikia mipira ikidunda juu ya dari yake. Na alikuwa na neno moja la kujivunia: "Mimi sisemi uongo."

Siku moja kabla ya magwiji kufika, Kiboko akapanda kutoka mtoni. Pu! Pu! Pu! Akaonja nyasi za uwanjani. Tamu! Akatangaza, "Uwanja huu sasa wangu. Anayeutaka acheze nami shimo la mwisho. Kuhesabu mapigo sitaki, kunaniumiza kichwa. Wa kwanza kutumbukiza ameshinda. Akishindwa, ahame!"

Bi Korongo, mwamuzi, akasimama kwa mguu mmoja akasema, "Sheria mnazijua. Aliye mbali na shimo ndiye apige. Na mpira hupigwa pale ulipolala."

Swala akacheza. Kiboko akapiga, pwaa! Mpira ukasimama karibu na bendera. Swala akapiga, ti! Wake ukabaki nyuma. Kiboko akauendea, akaulalia, bwata!
"Bwana Kiboko, umelalia mpira wangu."
"Mpira hupigwa ulipolala. Piga!"
Swala akazunguka, akazunguka, akachoka, akahama.

Ngiri akacheza. Pwaa! Ti! Bwata!
"Ewe Kiboko, inuka!"
"Mpira hupigwa ulipolala. Piga!"
Ngiri akasukuma kwa pembe, akasukuma, akachoka, akahama.

Kanga akacheza. Pwaa! Ti! Bwata! Huyo hata kusukuma hakusukuma. Alitukana tu, kisha akahama.

"Basi," Kiboko akalamba midomo, "naanza na nyasi za penye bendera. Nitazing'oa na mizizi yake."

Kule chini mke wa Fuko akasikia. "Baba watoto, hiyo mizizi ndiyo dari yetu."
"Nimesikia."
"Hutoki?"
"Nimechoka, mke wangu. Msimu mzima nimechimba."
"Choka baadaye."

Fuko akatoka, vumbi puani, kijiti mkononi. Kiboko akacheka mpaka masikio yakatikisika. "Wewe? Hata jua hulioni!"
"Silioni. Lakini nakwambia kweli, mbele ya Bi Korongo: mimi nakaa hapa chini, na njia zangu zimepita kila mahali. Usije kusema nilikuficha."
"Njia za chini zanihusu nini? Cheza!"
"Na mpira hupigwa ulipolala? Kwangu na kwako?"
"Kwa wote!" akanguruma Kiboko.

Pwaa! Mpira wa Kiboko ukaruka, ukabingirika, ukasimama kwenye mdomo wa shimo. Hata sisimizi angeutumbukiza. Fuko akapiga, ti! Akapiga tena, ti! Wake ukasimama mbali kidogo. Zamu bado yake. Kiboko huyo, bwata!
"Piga!"
"Nitapiga nitakavyoweza, bwana mkubwa."
"Ukishindwa niambie."
"Nikishindwa nitakwambia."

Fuko akaingia ardhini. Jua likawaka. Kiboko akangoja. Angeinuka akaugusa wake tu, lakini si zamu yake, na kuinuka ni kuuachia wa Fuko. Akangoja, akapiga miayo, akasinzia. Khrrr! Khrrr!

Chini kule, Fuko akachimba. Kwaru, kwaru, kwaru. Mikono inauma, mgongo unauma. Akafika chini ya lile tumbo, akakwangua udongo, mpira ukamwangukia kichwani, to! "Ahsante," akasema kwa hasira. Akaupiga pale ulipolala, ti! Akaufuata, ti! Akaufuata, ti! Njia yake ikatobokea ubavuni mwa shimo lenye bendera. Tumbu!

Bi Korongo akainamisha shingo, akachungulia. "Umeingia."

Kiboko akazinduka. "Nani kaingia? Fuko, umeshindwa?"
"La."
"Basi piga!"
"Nilishapiga."
"Mwongo! Mpira ninao tumboni hapa!"
"Mimi sisemi uongo, mjinga mkubwa wee! Inuka utazame!"

Kiboko akainuka. Pale alipolala pana kitundu tu. "Amepita chini!"
"Ulipolala ndipo alipoupigia," akasema Bi Korongo. "Wewe ndiye uliyekuwa juu yake."

Kiboko akateremka mtoni, akazama mpaka masikio kwa aibu. Ndiyo maana mchana haonekani nchi kavu, hula nyasi kwa kuiba gizani.

Swala akarudi, Ngiri akarudi, Kanga akarudi na matusi mapya. Kesho yake magwiji wakafika, shangwe juu. Gwiji mmoja akaona kile kitundu, akafoka, "Nani huyu anatuharibia uwanja?"

Fuko alimsikia. Neno la kumjibu alikuwa nalo, lakini usingizi ulimwahi.

Basi funzo ni hili, wanangu: msichimbechimbe. Mkubwa akikalia haki yako, mwombe kwa adabu, pitia njia ya juu kama waungwana, atakupisha, kama Kiboko alivyompisha Swala!

Hadithi yangu imetumbukia. Tamu iokoteni, chungu mpelekeeni Kiboko.