Maji ya Mkamburi

Mnywesha kila mche hukausha shamba. Shangazi yenu alimwambia dada yenu Mghoi maneno hayo asubuhi ya leo, aliposikia kwamba ameingia kwaya, anajifunza ushonaji, anafuga kuku, na sasa anataka kuuza mitumba pia. Mlicheka, kisha mkanijia na swali: maji hukaushaje shamba? Hata mimi nilipokuwa na umri wenu nililishangaa jambo hilo. Basi kaeni niwaeleze, maana methali hiyo ilitoka hapahapa mlimani kwetu.

Kwenye matuta yale ya kando ya mfereji aliishi mjane aliyeitwa Mkamburi. Alikuwa na mkono mwema wa kupanda, na hakujua kukataa. Mtu alipomletea mbegu, aliipanda. Jirani yake Mwadime alimpa miche ya kabichi. Shemeji yake akamletea bilingani kutoka bondeni. Wengine wakaja na njegere, karoti, nyanya, hata maua. Kila mstari aliuita kwa jina la aliyempa, na akiwa anapalilia ungedhani anaamkia watu. Nyumbani kwake nako kulikuwa vivyo hivyo: vyungu na vikapu vya kupewa vilijaa hadi mlangoni.

Mwaka mmoja binti yake Wakesho, aliyekuwa ameolewa bondeni, alituma habari kwamba anakuja kujifungulia kwa mama yake. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imeharibika, na safari hii mkunga alisisitiza ale vizuri. Mkamburi alifurahi. Aliona shamba kama lake haliwezi kushindwa kumlisha mzazi mmoja. Alikuwa na kunde, mnavu na maboga, mbegu alizoachiwa na mama yake mzazi, lakini hizo alizibananisha pembeni ili mimea ya watu ipate nafasi.

Masika yakaondoka mapema. Ukungu unaofunika mlima asubuhi haukuonekana tena, upepo ukageuka mkavu, na mfereji ukapungua hadi wazee wakaanza kugawa maji kwa zamu. Zamu ya Mkamburi ilipofika, alikimbia na kata yake ya kuchotea maji kutoka tuta hadi tuta, kila mche ukipata kidogo, asije akamdhulumu mtu. Alipomaliza, shamba lote lilionekana limelowa. Hata hivyo nyanya zilidondosha maua, kabichi zikakataa kufunga, na kunde zikajikunja majani. Naye akazidi kukimbia.

Wakesho alipofika, tumbo likiwa kubwa, alimkuta mama yake akihangaika hivyo. Akaokota kijiti, akachimba kwenye tuta lililotoka kumwagiliwa. Juu udongo ulikuwa mweusi kwa maji. Chini kidogo ulikuwa vumbi. Akachimba tuta la pili, akakuta vumbi lilelile.

"Mama," akauliza, "maji haya unayapeleka wapi?"

"Kote, mwanangu."

"Kote, lakini mizizi haijayaona. Na kati ya vyote hivi, sisi tutakula kipi?"

Mkamburi alilitazama shamba lake, mstari kwa mstari. Aliketi juu ya ukingo wa tuta na kata yake mapajani, na kwa mara ya kwanza akahisi jinsi miguu yake ilivyochoka.

Kesho yake alianza kung'oa. Mwadime alipopita njiani akaona kabichi zake zimelala chini, mizizi juu. Moyo ukamuuma.

"Mkamburi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, jirani. Nilinywesha kila mche, nimekausha shamba. Mwanangu yuko karibu kujifungua na sina hata boga moja la kumpa. Kabichi zako nazing'oa, lakini ujirani wetu siung'oi."

Mwadime akashuka tutani, akaung'oa mwenyewe mstari uliobaki, akaenda kuwapa mbuzi wake.

Zikabaki kunde, mnavu na maboga. Siku ya zamu, Mkamburi alimwaga maji taratibu kwenye shina mpaka yakatuama, kisha akangoja yazame ndipo asogee kwenye shina lingine. Hakukimbia tena. Majani yakanyooka, mashina ya maboga yakaanza kutambaa. Kiangazi kilikuwa kikali Wakesho alipojifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, na chakula cha mzazi hakikukosekana. Vyungu vile vya mlangoni Mkamburi aliwagawia watu, akapata mahali pa kukaa na kumpakata mjukuu. Mwadime ndiye aliyekuwa akiyarudia maneno yale mfereji ulipopungua, kila alipomwona mtu akikimbia na kata, mpaka mlima mzima ukayashika.

Sasa mnaniuliza alijuaje ni miche ipi ya kubakiza. Hakutazama ipi inapendeza, wala nani aliileta. Alijiuliza ni nani anayekuja kula. Miche yenu mimi siijui, na siwezi kuwachagulia. Ila kila mmoja achimbe kidogo chini ya yale anayoyafanya, aone unyevu umefika wapi. Akikuta vumbi, asiongeze mbio, kwa sababu mnywesha kila mche hukausha shamba.