Kisigino cha Kabula

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wanaichemsha chumvi yao wenyewe, palikuwa na mji kando ya chemchemi ya maji ya chumvi. Wanawake wa mji ule walianza kazi alfajiri. Walichota udongo, wakauchuja, wakachemsha maji yake vyunguni mpaka jua lifike utosini, ndipo wakarudi nyumbani. Sheria ya mekoni ilikuwa moja tu: wa mwisho kuondoka huyafukia makaa kwa majivu, kisha huyakanyaga kwa kisigino. Hatua ishirini kutoka pale lilisimama ghala la mbegu za mji mzima, nalo limeezekwa nyasi.

Wa mwisho kuondoka alikuwa Kabula. Mjane, mikono kama magome, mdomo haujui sukari. Miaka thelathini alifukia, akakanyaga, akaenda zake.

Siku moja alasiri ghala likaungua. Mbegu zikaungua. Na mzee Nkwabi, mlinzi, aliyekuwa amejilaza ndani akikwepa jua, naye akaungua.

Mtemi akamwita askari wake, Shija. "Nitafutie aliyefanya hili. Avuke mto, asirudi, na akifa asizikwe na watu wake."

Kwa watu wale kuuawa kulikuwa afadhali. Aliyeuawa angalau hulazwa karibu na mama yake.

Shija hakuwa mtu wa kiboko. Msimsifu upesi. Mwenye kiboko unajua ni adui yako. Shija alimkalisha Kabula kivulini, akampa uji, akamwita mama.

"Mama, makaa uliyafukia?"

"Niliyafukia. Siku gani sijayafukia?"

"Siulizi siku zote, mama. Nauliza siku ile."

Kabula akauweka uji chini. Akaitafuta siku ile. Aliona kisigino chake kikikanyaga majivu, lakini kilikuwa cha siku ipi? Cha jana yake? Cha mwaka wa nzige? Siku zake zilikuwa zimelaliana kama mikeka, na ule mkeka mmoja hauvutiki.

"Siku ile peke yake, siikumbuki."

"Ahaa," akasema Shija polepole. "Huikumbuki."

Siku ya pili akaja na uji tena. "Fumba macho, mama. Uko mekoni. Meko ya tatu, ile ya upande wa ghala. Makaa ni mekundu. Una haraka. Unaona nini?"

"Naona giza la kope zangu. Na nani kasema nilikuwa na haraka?"

"Mhoja."

Mhoja alikuwa jirani yake, waliazimana chungu na ungo. Alipoulizwa mara ya kwanza alisema, "Nilimwona akipita, basi." Mara ya pili: miguu yake ilikuwa na majivu? Akasema hakuangalia. Mara ya tatu: labda haikuwa nayo? Akasema labda. Mara ya nne akasema miguu ilikuwa misafi, na mwenyewe anakwenda mbio. Na Mhoja hakuwa mwongo. Wakati anasema, aliiona miguu ile kama mnavyoniona mimi hapa.

Kabula aliposikia ni Mhoja, akaanza kujitilia shaka. Mhoja hana sababu ya kumsingizia.

Siku ya tatu alifumba macho mwenyewe, hakuambiwa. Akaiona meko ya tatu. Akayaona makaa mekundu, na mguu wake unayapita. Mwanamke ambaye hakulia alipomzika mumewe, siku hiyo alilia.

"Ni mimi, mwanangu. Sasa nimeyaona. Sikuyafukia."

Shija akamshika mkono. Moyo wake ulikuwa mweupe, maana alijua ameupata ukweli bila kumgusa mtu. Kwamba meko ya tatu ilitoka kinywani mwake yeye kabla Kabula hajaiona, hilo halikumjia.

Kabula akavushwa mto.

Sasa, mji ule ulikuwa na mwiko: mahali palipofia mtu kwa moto, na pande zake zote, hapakanyagwi mpaka mwezi uandame mara tatu. Miezi ikaandama. Wanawake wakarudi mekoni. Kwenye meko ya tatu wakakuta makaa yamefunikwa vizuri. Maji ya chumvi yaliyofurika chunguni yalikuwa yameyagandisha majivu kama jiwe, na juu ya jiwe lile pana alama ya kisigino chenye ufa katikati. Kisigino kile kila mtu alikijua, na kwa kuwa majivu ya jana huzolewa kila alfajiri, kilikuwa cha siku ile.

Mtemi akamuuliza Shija, "Hukwenda kutazama?"

"Palikuwa na mwiko. Na mwenyewe alikuwa amekiri. Nikatazame nini tena?"

Hapo Mihayo, mlinzi mwenzake Nkwabi, akaanguka magotini. Ndiye aliyevuta kiko ndani ya ghala siku ile, akakikung'uta ukutani, akatoka. Siku tatu alijikaza aende kwa mtemi. Aliposikia Kabula amekiri, akakaa. Alijiambia: mwenyewe anakumbuka, basi pengine kiko changu kilikuwa kimezima.

Mtemi akawachukua Shija, Mhoja na Mihayo mpaka ukingo wa mto. "Asiye na kosa amevushwa," akasema. "Aliyemvusha, naye avuke. Semeni."

Shija akasema, "Sikumpiga, sikumtisha, uji nilimpa. Mtu akiniambia, 'Ni mimi,' nimkatalie?"

Mhoja akasema, "Mimi nilisema sikuangalia! Ndilo lililokuwa neno langu. Nani aliniuliza na kuniuliza mpaka nikaona?"

Mihayo akasema, "Kosa la ghala ni langu, la Nkwabi ni langu, kwa hayo nihukumuni. Lakini Kabula sikumtaja hata mara moja. Ulimi wake ndio uliomvusha."

"Na ulimi wako ulikuwa wapi?" Mhoja akamfokea. "Ulikuwa unavuta kiko?"

Ng'ambo, Kabula alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake, anachambua mboga. Wakamwita. "Mama Kabula, rudi! Kisigino chako kimeonekana juu ya majivu!"

Hakuinua kichwa. "Kisigino cha siku gani?"

"Cha siku ile!"

"Siku ile niliyaacha wazi. Niliyaona mekundu, na mguu wangu ukapita. Nyinyi mlikuwapo?"

Mihayo akapiga kelele kwamba ni yeye, ni kiko chake. Kabula akamtazama kama mtu anayemtazama mtoto mwongo. "Nenda kwenu. Usinionee huruma."

Akarudia mboga zake. Hakurudi siku hiyo, hakurudi siku nyingine, na ardhi iliyomlaza haikuwa ya mama yake.

Watu wakagawanyika pale ukingoni. Wengine walisema Shija, wengine Mhoja, wengine Mihayo. Na wachache, kwa sauti ya chini, walisema hata Kabula ana lake: angebaki na "sikumbuki" yake, mwiko ukiisha mtu angekwenda kutazama majivu.

Nawaona mmeshachagua. Lakini kwanza niambieni: leo mlipotoka jikoni, moto mliufukia? Siulizi siku zote. Nauliza leo. Una hakika, wewe? Nani alikuona?

Haya, semeni sasa. Je, nani alistahili kuvuka mto?