Kiti Kimoja Kwenye Kichwa cha Treni

Sogeeni karibu, na aliyekuja na jibu la "wagawane" arudi nalo kwao, kwa sababu kinachogombaniwa hapa hakigawanyiki.

Walikuwepo watu watatu pale Voi, kila mmoja na chake. Wakesho, mwenye saiba, duka la kompyuta na kuchapisha, karibu na soko, alikuwa na mkono mwepesi wa kuchora kwenye kompyuta. Mwadime, mpiga picha za harusi, alikuwa na jicho. Mghoi, shangazi yake Wakesho, alikuwa na kumbukumbu, maana alifanya kazi kwenye genge la reli miaka kumi na mmoja, akibadilisha mataruma, yale magogo yanayobeba reli, na kushindilia kokoto.

Basi chama kimoja cha wapenzi wa treni kikatangaza shindano: tengenezeni kipande cha reli ya kwenu ndani ya mchezo wa kuendesha treni kwenye kompyuta, kionekane kama chenyewe. Zawadi ni kiti kimoja ndani ya kichwa cha treni halisi, ubavuni mwa dereva, kutoka Voi hadi pwani. Wakesho alikuwa akikitamani kiti hicho tangu ana miaka saba.

Akaanza na milima, ikakubali. Stesheni nayo ikakubali. Kilichomshinda ni ardhi. Pale udongo mwekundu ulipokutana na kokoto za kijivu palikuwa na mstari ulionyooka kama umekatwa kwa mkasi. Akapaka rangi ya katikati, mstari mmoja ukawa miwili. Akafifisha kingo, ikawa kama ukungu umelala kando ya reli. Wiki tatu nzima! Aliuchukia mchezo, akaichukia kompyuta, akamchukia hata mteja aliyechungulia begani kwake akasema, "Si mbaya."

Mwadime ndiye aliyemwambia, "Udongo wako ni wa kuazima, dada. Huu si wa kwetu."

Akatoka na kamera siku nne kuupiga picha udongo wenyewe. Alilala kifudifudi kando ya reli jua likiwa la utosi, ili kivuli kisiingie, akachomwa na miiba mpaka tumboni. Picha zake zilikuwa nzuri mno, ila ile iliyotumika sehemu kubwa zaidi ilikuwa na kizibo cha soda. Na kompyuta, mnajua, huitandaza picha ileile mara elfu, kama fundi anayepanga vigae. Wakesho alipofungua mchezo, vizibo vilikuwa vimejipanga kilomita sita, kila baada ya hatua tano kizibo.

"Mwadime, hukukiona?"

"Nilikiona. Nilidhani kinapendeza."

Wakesho alifunga duka akaenda nyumbani kufua nguo ambazo zilikuwa safi. Kesho yake akarudi, akakifuta kizibo, akachanganya udongo na kokoto upya kwa brashi nyembamba kabisa. Udongo sasa ulikuwa wa Voi. Mstari ulikuwa umelainika, lakini bado ulikuwepo, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua kosa liko wapi.

Siku hiyo Mghoi aliingia kuchapisha barua ya kanisa. Akatazama, akacheka.

"Mwanangu, umechanganya sawasawa pande zote mbili. Reli haiko hivyo. Upande wa mlima, mvua inateremsha tope linameza kokoto mpaka karibu na taruma. Upande wa bondeni, kokoto ndizo zinazomwagikia udongo. Na pale kwenye kona, kabla ya stesheni, breki zinashika kila siku. Kokoto za pale ni nyeusi kwa vumbi la chuma. Nimezikoroga mimi hizo."

Akaketi siku mbili akionyesha kwa kidole, Wakesho akipaka. Mstari ukapotea.

Walishinda. Majaji waliandika kwamba kilichowapa ushindi ni ardhi tu, hasa pale kwenye kona, ambapo hawakuona udongo unaishia wapi na reli inaanzia wapi. Walitaka jina la atakayepanda kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Jina moja. Likikosekana, kiti kinakwenda kwa mshindi wa pili.

"Bila udongo wangu mngechanganya nini?" akauliza Mwadime.

"Miaka kumi na mmoja nimeipisha treni," akasema Mghoi. "Dereva ananipungia mkono, basi. Huko juu sijawahi kukanyaga."

"Na mimi je, shangazi? Nani alikaa hapa wiki zote hizi?"

"Ulikaa, ndiyo," akasema Mwadime. "Kwenye kiti."

Wakesho aliumia, akawageuzia mgongo. Wenzake wakaondoka, na Mghoi akiwa mlangoni akageuka: "Andika unavyoona, mwanangu. Lakini usiniulize kama nimeridhika."

Sasa ni Ijumaa, saa tano na dakika arobaini. Fomu iko wazi mbele ya Wakesho. Ameandika jina lake, akalifuta. Ameandika la shangazi, akalifuta kwa hasira. La Mwadime ameliandika nusu. Vidole vimetulia juu ya vibonye, na mshindi wa pili huko aliko anaomba asiandike lolote.

Haya, ninyi mliokaa mkisikiliza. Mmoja alileta udongo, mmoja alijua unakaaje, mmoja aliuweka. Mngekuwa ninyi mbele ya fomu ile, mngeandika jina la nani, na mngewaambiaje waliobaki stesheni?