Mize Abee na Mkeka Usiokwisha

Paukwa!

Pakawa!

Aa, hiyo pakawa ya watu walioshiba. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimesikia. Sogeeni karibu. Na wewe unayetafuna muwa hapo nyuma, tafuna taratibu, ngano yangu haipendi kelele.

Hapo kale, kale kabisa, babu wa babu yangu bado hajaota jino, palikuwa na kijiji. Jina lake msiniulize. Kijijini humo alikaa msichana akiitwa Mize. Lakini hakuna aliyemwita Mize tu. Wote walimwita Mize Abee. Kwa nini? Ngojeni basi, mbona mna haraka!

Mama yake Mize alifariki Mize hajajua hata kujifunga kanga. Akalelewa na shangazi yake. Shangazi alikuwa na watoto tisa na chungu kimoja, na alikuwa na sheria yake: "Mtoto wa kuitwa mara mbili, kwangu hali." Na kweli alikuwa hali! Asiyeitika mwito wa kwanza aliuona wali ukimpita puani ukienda kwa mwenzake. Basi Mize akajifunza. Shangazi akianza tu, "Mi..." yeye keshajibu, "Abee!" Na miguu hiyo, pata-pata-pata-pata, keshafika.

Watoto wakakua. Shangazi akafa, Mungu amrehemu. Njaa ikaisha. Abee haikuisha.

Mize, nitwangie! Abee! Pata-pata-pata. Mize, nichotee maji! Abee! Pata-pata-pata. Mize, nishikie mtoto! Abee! Siku moja alikutwa na watoto wanne, wawili mgongoni, wawili kifuani, hata mmoja si wake, na wa tano analia njiani anamngoja. Kunguru akilia, "Kwaa!" Mize, "Abee!" Mbuzi akilia, "Mee!" Mize, "Abee, nakuja!" Akiitwa Mize mwingine mtaa wa pili, huyu wetu ndiye anayefika kwanza. Msicheke. Jioni alikuwa akikaa kizingitini, miguu imevimba, analia peke yake. Alikuwa amechoka, na alikuwa anaogopa. Akijiambia, "Nikikataa, watanichukia."

Sasa sikilizeni mkasa wenyewe.

Kijiji kile kilikuwa na ada yake. Bibi harusi haolewi mpaka akalie mkeka aliousuka kwa mikono yake mwenyewe. Si wa kununua, si wa kuazima, si wa kusukiwa na mama. Anasuka ukili, ule mshipi mrefu wa ukindu, anaushona pande kwa pande mpaka mkeka unatimia. Siku ya ndoa anaukalia, shehe anamuuliza, naye anajibu. Hakuna mkeka, hakuna ndoa.

Na Mize alikuwa na mchumba. Machano, mkwezi wa minazi, miguu myembamba, cheko kubwa. Walipendana hasa. Machano akangoja mwaka wa kwanza. Akangoja wa pili. Akangoja hadi wa saba! Miaka saba, mkeka hauishi. Mize akimaliza pande moja, jirani yake Bi Mboja anachungulia uani: "Mize mwanangu, ukili mzuri huo, nipe nizibie kapu langu." Abee, chukua. Anakuja mwingine: "Nipe nifungie mbuzi." Abee, chukua. Mkeka unarefuka asubuhi, unafupika jioni. Kijiji kizima kikawa na mkeka wa Mize, ila Mize mwenyewe.

Siku moja Machano akashuka mnazini, akaja moja kwa moja mpaka uani.

"Mize, nakupenda. Lakini mama yangu amechoka, na mimi nimechoka. Mwezi huu ukimalizika hujaumaliza mkeka, naoa kule ng'ambo ya mto. Niambie kweli, wanitaka au hunitaki?"

"Nakutaka, Machano!"

"Sijui," akasema Machano, na cheko lake lote limetoweka. "Wewe hata kunguru unamwitikia."

Akaondoka. Neno hilo lilimchoma Mize kuliko kofi. Akakaa, akafikiri, akaona kuna mtu mmoja tu kijijini ambaye hajapata kumtuma hata siku moja. Bi Kirembo.

Bi Kirembo ndiye aliyesuka mikeka yote ya msikitini. Macho yake yalikuwa yamefifia, vidole havijafifia, na ulimi ndiyo kwanza ulikuwa unanolewa. Mize akamkuta barazani anachambua ukindu.

"Shikamoo, Bi Kirembo."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Sijatumwa, bibi."

"Makubwa! Basi kaa nikutazame vizuri. Leo ndiyo mara ya kwanza umekuja mahali kwa shida yako."

Mize akaeleza yote, kuanzia chungu cha shangazi mpaka kunguru wa Machano. Bi Kirembo akasikiliza, vidole vinakwenda.

"Unaswali, mwanangu?"

"Naswali, bibi. Wakiniachia nafasi."

"Na ukiinua mikono, unaomba nini?"

Mize akainama. "Naomba watu wasinikasirikie."

Bi Kirembo alicheka! Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka ukindu ukamwagika. "Ewe mtoto! Mungu mzima unamwomba akusaidie kumwogopa Bi Mboja!"

Akajifuta machozi. Akavua tasbihi shingoni, ya mti, punje tisini na tisa, akamwekea Mize mkononi. Sasa hakuwa anacheka.

"Sikiliza. Shangazi yako amekufa, na wali upo. Ukiitwa, usiitike. Vuta tasbihi kwanza, punje zote, mtaje Mola wako taratibu. Ukifika mwisho, muulize moyo wako mbele yake Yeye: naenda kwa kupenda, au naenda kwa kuogopa? Ikiwa kwa kupenda, nenda. Ikiwa kwa kuogopa, kaa usuke."

"Na nyumba ya mtu ikiwaka moto, bibi?"

"Tupa tasbihi ukimbie! Nimekupa dawa, sikukupa wazimu."

Kesho yake asubuhi jua halijakolea, sauti ikatoka ng'ambo ya ua: "Mizeee! Njoo unitwangie!"

Mdomo wa Mize ukafunguka wenyewe, "Ab..." Akauziba kwa kiganja. Miguu nayo, pata-pata, imemfikisha mlangoni. Akakumbatia nguzo. Akashika tasbihi. Tik. Tik. Tik.

Punje ya kumi, mguu mmoja umeshavuka kizingiti, anaurudisha. Punje ya thelathini, jasho linamtoka. "Mize! Umekufa?" Tik. Tik. Punje ya sitini akasikia, twa! twa! twa! Bi Mboja anatwanga mwenyewe. Punje ya tisini na tisa, mahindi yamelainika, na Bi Mboja anaimba. Mize akajipapasa kichwa na mabega. Yu mzima! Akaketi, akasuka pande moja bila kuinuka.

Lakini watu ni watu. Siku ya nne maneno yakaanza kisimani: Mize siku hizi ana kiburi. Mize anajiona. Mize akayasikia, akaenda mbio kwa Bi Kirembo.

"Bibi, wananisema!"

"Wanasemaje?"

"Wanasema nina kiburi."

"Na unacho?"

Mize akafikiri. "Sina."

"Basi wamekosea. Nenda kasuke."

Akaenda akasuka, ingawa usiku huo alilia. Kuachana na ada ya utotoni si mchezo, nyinyi msidhani.

Siku nyingine akaita Mzee Faki, kipofu wa jirani, anataka kushikwa mkono kwenda msikitini. Mize akavuta tasbihi. Punje ya ishirini tu, moyo umeshatulia kama maji mtungini. Hata hivyo akazimaliza zote, akaenda. Wakatembea, wakazungumza, wakacheka. Aliporudi nyumbani akashangaa, miguu haikumuuma. Siku hiyo alielewa Bi Kirembo alichokuwa anakitaka.

Pande kwa pande, mkeka ukatanda. Bi Mboja alichungulia mara tatu, akakuta tasbihi inalia tik, tik, akaondoka na kapu lake lina tundu vilevile.

Siku ya mwisho ikafika. Jioni ile mwezi mpya utaandama. Limebaki pande moja la kushona, na jua limeshaanza kuinama. Mara fimbo, ko, ko, ko! Bi Kirembo huyo, uani.

"Mize! Weka mkeka chini. Nenda ukanichotee maji."

Jamani! Mize akamtazama. Huyu ndiye aliyemfungua macho. Huyu ndiye mtu ambaye Mize hakutaka kumuudhi kuliko wote duniani. Mkono ukatafuta tasbihi. Tik. Tik. Jua linashuka, bibi kasimama kanuna, fimbo inagonga ardhi. Tik. Tisini na tisa.

"Bi Kirembo," akasema, "nisamehe bibi yangu. Leo siendi. Ukiwa na kiu, mtungi wangu ule pale, kunywa."

Bi Kirembo akatupa fimbo, akapiga vigelegele, "Lililililiii!" mpaka kuku wakaruka uani. "Mtungi wangu umejaa unamwagika! Mwezi mzima nangoja neno hilo! Shona, mwanangu, shona!"

Mize akashona, anacheka na machozi yanamtoka. Sindano ikatoka mara ya mwisho, na watoto huko nje wanapiga kelele, mwezi umeandama!

Ijumaa yake ikawa harusi. Mkeka umetandikwa, Mize kaukalia. Machano kavaa kanzu, wali unanukia, watu wamejaa hadi njiani. Shehe akauliza, "Mize, umeridhia kuolewa na Machano?"

Ndani ya buibui, tik.

Watu wakatazamana. Tik. Tik. Bi Mboja akanong'ona, "Hata hili?" Shehe akauliza mara ya pili. Tik. Jasho likamtoka Machano, kofia ikalowa. Mama yake akajishika kichwa. Wali ukapoa. Machano midomo inacheza, anazihesabu naye: tisini na tano... tisini na sita... Na Bi Kirembo pembeni anajipepea, hana wasiwasi wowote.

Tik.

Mize akainua uso. "Nimeridhia."

Machano akaketi chini, palepale mchangani na kanzu yake nyeupe, akalia mbele za watu bila haya. "Mmesikia?" akawaambia. "Hiyo kaniitikia mimi. Si kunguru."

Bi Kirembo alishafariki zamani. Lakini huko kijijini, mpaka leo, bibi harusi hupewa tasbihi kabla ya kuulizwa, na wapishi wameshazoea kuuacha wali motoni. Wanaiita ngoja ya Bi Kirembo.

Basi, wanangu, mimi nilichokiokota humo ni hiki: kumsaidia mtu ni jambo zuri, lakini muulize kwanza Mungu wako na moyo wako kama ni huruma inayokupeleka au hofu. Anayesema ndiyo kwa kila mtu, siku akimwambia ampendaye, hasadikiwi.

Mnasikia? Kuna mtu ananiita huko jikoni. Na angoje kidogo. Tik. Hapa ndipo ngano yangu inapokunja mkeka wake.