Sura Nyingi za Tapisho

Sogeeni, na aliyetoka chooni anawe kwanza, maana habari yenyewe inamhusu.

Zamani hizo magonjwa yalitembea kwa miguu na kuingia vijijini kupitia langoni, kama wageni wengine. Kila ugonjwa ulikuwa na sura moja tu. Mtu akishaugua mara moja, aliikumbuka sura hiyo maisha yake yote, na ugonjwa ukirudi ulifukuzwa kabla haujavua viatu.

Katika kijiji cha Vumbeni aliishi mfinyanzi aliyeitwa Nambua. Hakufinyanga vyungu tu. Ugonjwa ulipopita, aliwahoji waliougua, akafinyanga sura yake kwa udongo, akaianika kivulini siku nyingi, kisha akaichoma. Sura ile ilipitishwa nyumba kwa nyumba ili hata mtoto ambaye hajaugua aijue. Walinzi wa lango nao waliitazama mpaka wakaikariri.

Tapisho, ugonjwa wa kutapika na kuhara, alikuwa na kiwiliwili kidogo na watoto wasiohesabika. Nambua alipomaliza kuifinyanga sura yake, ukoo mzima ulikosa pa kuingia. Walishinda nje ya lango na njaa yao, na kusema kweli walitia huruma. Lakini watoto wale hawakufanana wote. Mmoja alizaliwa na pua bapa. Waliofanana na mama yao walirudishwa. Mwenye pua bapa akapita, tena kwa kukaribishwa.

Watu wa Vumbeni, kwa kuitegemea sura ya udongo, walikuwa wameacha hata kunawa mikono kabla ya kula. Ndipo Mbonea, mjukuu wa pekee wa Nambua, mtoto wa miaka mitatu, alipoanza kutapika. Kufikia alasiri macho yalikuwa yameingia ndani, na alipolia machozi hayakutoka.

Nambua alimwendea mlinzi, Sekiete, hasira zimempanda. "Ulikuwa umelala?"

"Sikulala, bibi. Sura uliyotupa ina pua ndefu. Huyu alikuwa na pua bapa. Ningemjuaje?"

Uchungu ulimkata Nambua maini, kwa sababu sura ile aliifinyanga mwenyewe na kuisifu mwenyewe.

Alirudi kwa mjukuu wake. Akamnywesha uji mwepesi wenye chumvi kidogo, kijiko kimoja kimoja. Mtoto akitapika, anasubiri, anampa tena. Mbonea akisinzia, bibi alinawa mikono akaenda kufinyanga pua bapa. Kwa haraka aliianika karibu na moto, nayo ikapasuka. Ya pili aliiacha kivulini kama inavyotakiwa. Siku ilipotoka motoni, Mbonea alikuwa ameshapona na anakimbizana na kuku, lakini langoni alikuwa amepita ndugu mwingine, mwenye kidevu kirefu.

Nambua alifinyanga na ya tatu, na ya nne. Katika kuhoji wagonjwa aligundua kwamba shingo za watoto wa Tapisho zilikuwa sawa zote. Tatizo ni kwamba walizifunika kwa mitandio, na walinzi walikuwa wamezoea kutazama pua.

"Pumzika, bibi," Sekiete alimwambia kwa huruma. "Hawa hutawamaliza."

"Nipumzike, na kila Mbonea anapokula mmoja wao anaweza kumwingia?"

Tangu hapo mtu huugua kutapika na kuhara utotoni, akapona, akaja kuugua tena akiwa na wajukuu. Watu walirudia kunawa mikono, kwanza kwa majivu, baadaye kwa sabuni. Na wafinyanzi wa siku hizi, wale wa maabara wanaotafuta chanjo, bado wako kazini. Wengine wameachana na pua, wanahangaika na shingo. Wakikawia msiwacheke. Kabla hawajamaliza jicho la kushoto, la kulia limeshahama.