Mshipi wa Malkia Odila

Nipeni masikio, niwape kisa. Jumanne, saa nne asubuhi, Odila aliingia kasri la Ufaransa kuolewa na mfalme, nao mabibi wa kasri wakakicheka kiuno chake.

"Mwenzetu kajileta na pipa."

Zimwi la kisimani lilimkuta akilia, likampa mshipi wa hariri. "Watakaokuiga hawataweza kuifungua mishipi yao. Ukikaza wako, yao yote itabana."

Kufika Ijumaa, Odila alikwisha kuolewa, na kila bibi alikuwa na mshipi kama wa Malkia. Kwenye karamu ya usiku huo Odila akakaza wake mara ya kwanza, wakajisifu kwa viuno vyembamba. Ya pili, wakasukuma sahani. Ya tatu, wakahema.

"Malkia, tuhurumie," mkubwa wao akanong'ona.

"Mbona mmependeza, dada?"

Asubuhi iliyofuata Odila alishuka na gauni pana bila mshipi, akaketi, akawaamuru wamwimbie, nao wangali wamebanwa na mishipi yao.