Nankondo na Askari Elfu

Zamani, nchi zilipokuwa zikiitana kwa majina ya kindugu, kama baba na mtoto, Mtemi Gwassa wa Ukwema alitaka kuweka askari elfu juu ya kilima cha nchi ndogo ya Ndolwa, penye chemchemi yake pekee. Wandolwa hawakuwa na hata mikuki mia. Wakamtuma Nankondo, mfinyanzi mwenye maneno matamu.

“Mimi ni baba, ninyi ni watoto,” Mtemi alimwambia mbele ya wajumbe wa nchi tisa. “Baba hulala popote nyumbani kwake.”

Nankondo aliona kwamba neno hilo likiapiwa, chemchemi imekwenda.

“Baba ni mzee wa kukaa kivulini, Mtemi. Wewe bado kijana. Kwa nini usiwe mkwe wetu? Mkwe hulinda, mkwe hulima. Ndolwa iwe mama mkwe wako, wewe na askari wako wote.”

Mtemi alicheka. “Mama huyu anajua kusifu. Haya, niite mkwe, mradi askari wangu waje.”

“Waje hata kesho, mkwe wangu.”

Mtemi akaapa kuwa mkwe wa Ndolwa, wajumbe wote wakashuhudia.

Askari walipofika mpakani, waliwakuta akina mama wa Ndolwa wamejaa njiani wakisuka mikeka.

“Karibuni, wakwe zetu,” alisema Nankondo.

Askari elfu waliinamisha nyuso, wakatumbukia vichakani. Kwao, mwanamume hakanyagi njia aliyokaa mama mkwe wake.

“Mama, tutapita lini?” jemadari aliuliza, amejificha nyuma ya mti.

“Tukimaliza mikeka, mwanangu,” alijibu Nankondo, akaanza mkeka mwingine.